Umeme safi, boila ya kuni: kaunti za chai zinalinda msitu au zinautoza ushuru?

Kila tukizungumzia kawi Kenya, sifa ni zilezile: jotoardhi ya Olkaria, mabwawa, na upepo wa Marsabit, ambako mradi wa Ziwa Turkana peke yake una uwezo wa megawati 310. Ni kweli, tujivunie. Lakini zunguka nyuma ya viwanda vingi vya majani chai, Kericho, Murang'a au Nyamira, utakuta magogo yamepangwa safu kwa safu. Stima inaendesha mashine. Mvuke wa kunyausha na kukausha majani unatoka kwenye boila, na boila inakula kuni.

Katiba ya 2010 ilizipa kaunti kazi ya kutekeleza sera za kitaifa za mazingira, misitu ikiwemo. Sheria ya Kawi ya 2019 inazitaka ziandae mipango yao ya kawi. Papo hapo, lori la mbao au makaa likifika kizuizini linalipa ushuru wa kaunti. Mlinzi anayelipwa kwa kila mti unaoanguka atalinda nini?

Mimi nasema kiwanda kisipate leseni mpaka kionyeshe kuni zake zinatoka shamba gani, na kiwe na banda la kuzikaushia. Kuni mbichi huchemsha kwanza maji yake yenyewe ndipo zichemshe ya boila, kwa hiyo mvuke uleule unamaliza magogo mengi zaidi. Na banda la mabati halihitaji mfadhili wala kongamano.

*Jibu la mkulima:* Mwenzangu, mikaratusi yangu iko shambani kwangu na kiwanda ndicho mnunuzi. Gharama ya kiwanda ikipanda, bonasi yangu ya majani chai ndiyo inayokatwa. Marufuku ya kukata miti ya 2018 tuliiona. Rais alipotangaza kuiondoa 2023, wenye mashine za mbao wengine walikuwa wameshafunga.

*Mwanzisha mada:* Marufuku ile ilihusu misitu ya umma na ya jamii, si shamba lako, na mimi sijaomba nyingine. Bonasi ni hoja nzito, ndiyo maana nimeanza na banda: kuni kavu ni gharama ndogo. Karatasi ya kuonyesha kuni zimetoka shamba gani nayo inakufaa wewe. Leo kwenye mzani, gogo lako na la aliyeingia msituni usiku ni bei moja. Ila la ushuru umeliruka. Pesa hizo umewahi kuziona zikirudi kijijini kama miche?