Supu ya kichwa na ile protini haisikii moto, ni kweli?

msee_wa_supu: Wasee niaje, kuna jamaa wa kazini ametuharibia lanchi leo ati kuna ugonjwa wa ng'ombe wa Uingereza uliingia watu kwa nyama na haukuwa virusi wala bakteria, ni protini tu imejikunja vibaya. Sasa mimi supu ya kichwa pale soko la Burma ndio Jumamosi yangu. Kitu hakina uhai kinaambukizaje? Na moto si unaharibu protini, kwani yai likichemka si basi?

fundi_wa_maabara: Ni kweli bana, inaitwa prioni. Protini ni mnyororo wa amino asidi, ikishatengenezwa na seli inajikunja ipate umbo, na kazi yake yote iko kwa hilo umbo. Hata saa hii kwa ubongo wako kuna moja inaitwa PrP imekunjika poa haina noma, lakini ikipatana na ile imepinda nayo inapinda, halafu hizo zinapindua zingine, kama laini ya mat jioni, mmoja akiruka wote wanaruka. Hakuna jeni hapo, ni umbo tu linasambaa. Mwanasayansi Prusiner alipoipa jina 1982 wengi walimkatalia, 1997 akachukua Nobel. Moto sasa: protini ya yai inafunguka ikichemka, prioni imejibana vibaya sana, jiko haliiwezi. Hospitali zinatumia mvuke wa digrii 134 kwa vifaa vya upasuaji.

mchinjaji_mstaafu: Usimtishe kijana. Kule ilisambaa juu ng'ombe walikuwa wanalishwa unga wa nyama na mifupa ya ng'ombe wenzao, serikali ikapiga marufuku 1988. Wa kuchungwa Kajiado anakula nyasi. Alafu hiyo kitu hukaa sana kwa ubongo na uti wa mgongo, kwa hivyo kama una wasi toa ubongo, ulimi kula.

msee_wa_supu: Ubongo ndio tamu lakini 😭

mama_T: Samahani naingilia, shosho wetu ana Alzheimer na nimeskia pia ni mambo ya protini. Watoto wanakula naye sahani moja, niwatenge?

fundi_wa_maabara: Hapana mama T, usimtenge. Hapo ni protini zinaitwa amiloidi na tau zinarundikana kwa ubongo wake mwenyewe, haishikwi kwa kula pamoja wala kumuogesha. Ila kama hakupimwa damu mrudishe, juu upungufu wa B12 na shida ya tezi ya shingo pia husahaulisha mtu, na hizo ziko na dawa.