Naombeni ushauri: harambee ya viti mwendo hapa Mtwara, nataka iwe tofauti

Mchanga wa Shangani (mwanzisha uzi)
Wakuu habari za jioni. Tuko wanane, tuna kikundi chetu hapa Mtwara mjini, kimesajiliwa halmashauri kupitia afisa maendeleo ya jamii, hatubahatishi. Tunataka kuchangisha hela za viti mwendo kwa watoto 14 wa kata yetu. Bei tuliyopewa ni laki nne na nusu kwa kimoja, pigeni hesabu wenyewe.

Harambee za kawaida watu wamezichoka. Mgeni rasmi anachelewa saa tatu, MC anamtangaza aliyetoa elfu kumi kama kajenga daraja, pilau inaishia meza ya tatu. Mimi nataka ubunifu, halafu kila mtu ajione yumo: mzee wa Kimakonde, dereva wa bodaboda, mama muuza pweza, mlemavu, wote. Ukumbi na tarehe tayari, huko msihangaike. Nileteeni mawazo tu. Usingizi sipati.

Pweza Mkavu
Bahati nasibu mkuu. Tiketi buku mbili, zawadi mbuzi. Mbuzi hana itikadi.

Karani Mstaafu
Hapo kwenye tiketi kuwa mwangalifu kijana wangu. Bahati nasibu ya kuuzia umma ina mwenyewe, ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na inataka kibali. Huyo mbuzi mpigeni mnada. Kanisani kwetu siku ya mavuno jogoo mmoja aliuzwa mara sita: anayemnunua anamrudisha, dalali anaanza upya. Mwisho jogoo alibaki wa mchungaji na sanduku limejaa.

Pweza Mkavu
Jogoo kaingiza hela kuliko mimi mwezi mzima.

Bibi Korosho
Mwanangu, hongera kwa moyo. Hiyo tarehe ni ya mwezi gani?

Mchanga wa Shangani
Aprili bibi. Jumamosi ya pili.

Bibi Korosho
Aprili! Kusini hii! Mvua haijakatika, barabara za huku Newala utelezi mtupu, na hela ya korosho ilishakwenda kwenye ada, bati na harusi. Aprili mtu anaishi kwa kudra ya Mungu. Subirini minada ianze, Oktoba, Novemba. Hapo hata mkulima anayelalamikia makato atakupa kilo moja ya korosho bila kuulizwa mara mbili. Pokeeni korosho yenyewe, msing'ang'anie noti.

Kete Moja
Bibi, kupokea korosho mkononi nje ya ghala si ndiyo kangomba yenyewe hiyo, ule ulanguzi wa korosho unaokatazwa? Watakamatwa wote wanane wakiwa wamevaa fulana za hisani 😂

Bibi Korosho
Wapitie chama cha msingi cha ushirika, mjukuu. Usinifundishe korosho.

Mjomba wa Masasi
Mmenikumbusha 2018, ule msimu jeshi lilipoingia kubeba korosho kwa bei ya 3,300 kwa kilo. Kijijini kwetu tulifanya harambee ya kumalizia wodi ya wazazi. Ukumbi mzima ukaahidi kulipa "korosho zikilipwa". Mimi nikaahidi laki mbili, mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Malipo yalivyochelewa mnajua wenyewe. Daftari la ahadi ninalo mpaka leo, na jina langu limo. Kijana, ahadi usizihesabu. Weka lipa namba ukutani, mtu atoe hapohapo simu ikiwa mkononi.

Kete Moja
Tukiacha utani, fanya bonanza la bao. Sipigii debe mchezo wangu (napiga kidogo). Mashimo 32, kete 64, mzee wa miaka 80 anamtoa jasho kijana wa chuo. Aliyekaa kwenye kiti mwendo na aliyekaa kwenye mkeka wanapishana urefu tu. Kiziwi anacheza bila mkalimani. Kila timu ilipe kiingilio, na watazamaji wamnunulie mchezaji wao kete kwa mia tano mia tano. Chini ya mwembe, hakuna gharama ya feni.

Mchanga wa Shangani
Kete Moja hili nimelipenda sana! Ila tutalifanyia ukumbini, maana tumeshalipia.

Magurudumu Mawili
Samahani ndugu mwanzisha uzi. Mimi natumia kiti mwendo mwaka wa kumi na moja huu, niko Lindi. Huo ukumbi unaingilika?

Mchanga wa Shangani
Ukumbi mzuri sana kaka, una jenereta, feni nane, na spika zao wenyewe.

Magurudumu Mawili
Sijauliza feni.

Dada wa Ligula
Jibu swali kaka yangu. Na mimi nasubiri.

Mchanga wa Shangani
Uko ghorofa ya kwanza. Lakini tumeshalifikiria, msianze. Tumepata vijana sita wa mazoezi, wana nguvu kwelikweli, watawabeba watoto mmoja mmoja na kuwarudisha. Tena inaweza kuwa sehemu ya tukio, watu wakiona wanaguswa, wanatoa.

Dada wa Ligula
Eti wanaguswa 🙆🏾‍♀️

Magurudumu Mawili
Ngoja nikueleze. Mwaka fulani nilialikwa kwenye hafla, siitaji. Walinibeba wanne mpaka juu, picha zikapigwa, makofi. Saa nne usiku hafla ikaisha na wabebaji walishakwenda kula. Nikakaa juu pale na mlinzi hadi saa sita kasoro tukisikiliza mpira kwenye redio yake. Mkojo nilioubana siku ile Mungu ndiye shahidi. Nina miaka 38, nina mke na duka. Hao wako ni watoto, wengine wasichana wakubwa. Wanashikwa wapi na hao vijana wa mazoezi?

Karani Mstaafu
Tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na suala la majengo kufikika limo. Nasema tu.

Mchanga wa Shangani
Wazee mnanionea. Nimelipa advansi laki nne kati ya laki saba. Na mwenye jengo ni shemeji, kamuoa dada yangu. Nikidai hela irudi, atakayelala na zile kelele ni dada. Kwa heshima ya familia sioni pa kutokea. Hao watoto 11 watapandishwa kwa adabu zote, nitasimamia mwenyewe.

Mzee wa Ushahidi
Nilikuwa nasoma kimyakimya. Hii ni CHAI, tena ya tangawizi, hadithi ya kutunga. Juu kaandika watoto 14, hapa 11. Shemeji mwenye ghorofa, vijana sita wa mazoezi, mtumia kiti mwendo anatokea kwa wakati wake... Kesho mtaona namba ya kuchangia. Uzi bila picha sisomi.

Pweza Mkavu
Nilishachemsha muhogo nije na chai yangu kumbe ipo humuhumu 😂😂

Mjomba wa Masasi
Mimi nimeshatoa siri ya laki mbili zangu humu, ikiwa chai mtanilipa.

Dada wa Ligula
Lakini Mzee kauliza la maana. Watatu wamekwenda wapi?

*(saa tano baadaye)*

Mchanga wa Shangani
Nilikuwa nimeamua kutojibu. Namba ya kuchangia siweki, na sitaweka. Watatu wazazi wao wamewaondoa. Tulipopita nyumbani kuwaeleza utaratibu wa siku hiyo, mama mmoja akaniuliza, "Mwanangu anakuja kama mgeni au kama mzigo?" Nikacheka nikidhani ananitania. Jioni wengine wawili wakapiga simu. Ndiyo maana silali, wala si ubunifu.

Magurudumu Mawili
Hapo sasa umeuliza swali lako. Ungeanza nalo.

Kete Moja
Mwembe bado upo mkuu. Shemeji mwambie ageuze advansi iwe mchango wake, mtangazeni kama mfadhili, jina lake liwe la kwanza kwenye bango. Watu wenye ghorofa wanapenda mabango.

Bibi Korosho
Na mwezi ubadilike.

Mzee wa Ushahidi
Picha ya ngazi. Tukiiona tutaamini.

Mchanga wa Shangani
Nimekwenda asubuhi hii. Picha imegoma kupanda, mtandao wa huku mnaujua. Nimezihesabu: ngazi 23, zinakata kona mara moja, ukuta wa kushikilia uko upande mmoja. Huwa napanda pale kila wiki sijawahi kuzihesabu.

Dada wa Ligula
Na choo?

Mchanga wa Shangani
Choo kiko chini, nyuma ya jengo.

Magurudumu Mawili
Mlango wake upana gani?

Mchanga wa Shangani
Ngoja nirudi na futi kamba.