Kandanda ya Kigaeli: msimu kugawanywa kati ya kaunti na klabu, kwenu umesaidia au umeumiza? Tupeane uzoefu

Baba wa Meath (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu. Humu tuko wengi tunaoishi Ireland, na watoto wetu wameshazama kwenye klabu za parokia za GAA, chama kinachosimamia michezo ya Kigaeli, yaani ya asili ya Ireland. Kwa walio nje: ni wachezaji 15 kila upande, goli pointi tatu, mpira ukipita juu ya mtambaapanya pointi moja, na tangu 2025 ukiupiga kutoka mbali unapata mbili. Hakuna anayelipwa mshahara, hata yule anayecheza fainali Croke Park, uwanja mkuu ulioko Dublin, mbele ya watu 82,000. Kijana huyohuyo anaichezea klabu ya kwao na, akiwa mzuri, anaichezea kaunti pia. Ugomvi wa ratiba unaanzia hapo.

Zamani fainali ya kaunti za Ireland nzima ilikuwa Septemba. Kocha wa kaunti aliwashikilia vijana majira yote ya joto, klabu zikisubiri kaunti itolewe ndipo zipangiwe mechi zake. Mwaka 2017 wachezaji wa klabu wakaunda chama chao, CPA, kudai ratiba inayoeleweka. Mwaka 2018 klabu zikatengewa Aprili, lakini kaunti nyingi hazikuwaachia vijana wao kweli. Korona ndiyo iliyofungua njia: 2020 klabu zilicheza kwanza, kaunti zikafuata hadi Desemba, watu wakaona kumbe inawezekana. Mkutano mkuu wa 2021 ukapitisha mgawanyo: kaunti kwanza, klabu baadaye. Tangu 2022 fainali ni Julai.

Sisi umetusaidia sana. Mwanangu mkubwa, enzi zile za zamani, alikosa kwenda Kisumu kumwona bibi yake kwa sababu kila wiki aliambiwa mechi "huenda" ikawa Jumapili ijayo. Ilikuja kuchezwa Septemba, kwenye mvua, wakatolewa siku hiyohiyo. Mdogo wake sasa anajua mapema. Tunakata tiketi ya Juni, anakosa mechi za ligi tu, michuano yenyewe inamkuta ameshatua.

Nyie je?

Nesi wa Cork

Kaka, sisi bado tunahema. Klabu yetu inacheza kandanda na halingi, ule mchezo wa fimbo, kwa vijana walewale. Kuanzia mwisho wa Julai ni wiki hii kandanda, wiki ijayo halingi, mpaka vuli. Mwaka jana wangu alivutika msuli wa nyuma ya paja Agosti. Alipopona, klabu ilikuwa imeshatolewa kote kuwili. Ratiba ya zamani ilikuwa mbovu, nakubali, lakini majeruhi alikuwa na muda wa kurudi. Nikiri pia kwamba sasa naweza kuomba zamu zangu mapema, maana tarehe zinajulikana.

Mkaazi wa Mayo

Mimi Septemba ndiyo inayoniuma. Mayo haijabeba Kombe la Sam Maguire, lile la bingwa wa Ireland nzima, tangu 1951. Ile 2017 tulipofungwa na Dublin kwa pointi moja, shule zilikuwa wazi. Binti yangu alikuwa mgeni darasani, Kiingereza chake bado kizito, na wiki nzima kabla ya fainali walimu waliwaruhusu kuvaa jezi za kijani na nyekundu badala ya sare. Mazungumzo yote yalikuwa mpira, naye akaingia humohumo. Marafiki zake wa leo ni wa wiki ile. Fainali ya mwisho wa Julai inawakuta watoto wametawanyika likizo. Klabu zipewe haki yao, lakini mtoto mgeni ataipata wapi tena wiki ya namna ile?

Mama wa Armagh

Dada wa Mayo, nakuelewa, ila nikupe upande wa pili. Julai 2024 Armagh iliifunga Galway 1-11 kwa 0-13 (goli moja na pointi 11, yaani 14, dhidi ya pointi 13 bila goli) na kubeba kombe. Agosti hiyohiyo mmoja wa mabingwa alikuja uwanja wetu mdogo na klabu yake kucheza dhidi yetu. Hakuna jukwaa, ni kamba tu pembeni ya majani. Wanangu walisimama hatua mbili kutoka kwake wakati anapiga mpira wa pembeni, wakamsikia akiwafokea wenzake washuke kukaba. Baada ya mechi akasaini jezi zao akiwa na tope hadi magotini. Zamani, wakati kama huo, angekuwa bado amefungiwa kwenye kambi ya kaunti.

Kijana wa Galway

Wazee wangu, mimi ndiye mchezaji mwenyewe. Mgawanyo haujatufikia sisi wa umri huu. Januari na Februari kuna Kombe la Sigerson la vyuo vikuu, ligi ya kaunti nayo inaanza mwishoni mwa Januari, halafu kaunti ya chini ya miaka 20. Nilikuwa nafanya mazoezi Jumatatu chuoni, Jumanne kaunti, Jumatano chuoni tena. Kocha mmoja aliniambia nisipofika nisahau jezi. Goti likavimba, mechi za klabu nikazitazama nikiwa nimekaa.

Baba wa Meath

Pole sana mdogo wangu. Dada wa Mayo, msimamo wangu ni fainali isogezwe hadi katikati ya Agosti, isizidi hapo. Ikirudi Septemba, klabu zitasukumwa tena Novemba, na viwanja vingi vya parokia havina taa wala mifereji ya maana.

Nesi wa Cork

Kijana, nakujibu kama nesi. Goti lililovimba lisipapaswe na kila kocha. Tafuta tabibu mmoja wa viungo, mazoezi ya timu zote apange yeye, na hesabu ya mizigo ya wiki aiandike karatasi moja inayokwenda kwa makocha wote kwa pamoja. Kwa wangu hivyo ndivyo tulivyofanya, na kocha aliyekuwa mkali kuliko wote akampa Jumatano ya kupumzika.