Naomba ushauri: Floyd-Warshall kwenye GPU haiendi spidi
Habari zenu wakuu, naombeni msaada maana nimekwama. Mimi ni mtu wa mashindano ya kuprogramu, tovuti ya Codeforces ndo uwanja wangu, sasa nimeanza CUDA (mfumo wa Nvidia wa kuandikia programu za GPU) nikaona nijaribu Floyd-Warshall (algorithimu ya kutafuta njia fupi kati ya kila jozi ya nodi kwenye grafu) ya nodi 4096, yani meza ya int inayokula megabaiti 64. Majibu yanatoka sahihi kabisa, shida ni spidi, inaipita CPU mara 3 tu na mimi nilitegemea zaidi. Keneli (fanksheni inayoendeshwa kwenye GPU) naiita upya kila hatua ya k, yani kila nodi ya kupitia katikati. Nimejaribu bloku (makundi ya thredi) za 8x8, 16x16 na 32x32, halafu nikageuza threadIdx.x itembee kwenye safu mlalo ili thredi 32 za wapu moja (kundi linalotekeleza amri kwa pamoja) zisome namba zinazofuatana, hapo ndo ikaamka, kabla ilikuwa inalingana na CPU, kwakweli nilifurahi sana.

Swali: nikikata meza vipande vya 32x32 niviweke kwenye memori ya pamoja ya bloku, vipande vinatakiwa vifuatane vipi ili hatua ya k isisome namba ambazo bado hazijakamilika? Na anayefanya vyote viwili, mashindano na GPU, mazoezi unayagawaje? Natanguliza shukrani.