Upasuaji wa neva ya uso: je, utaondoa na kipandauso?

Muulizaji: Ndugu zangu, kwa miaka 6 shavu langu la kulia limekuwa likipigwa na maumivu kama shoti ya umeme, hata ninapopiga mswaki, na juu ya hayo nina kipandauso. Kabamazepini, dawa ya kutuliza maumivu ya neva, hainisaidii tena, hivyo daktari amependekeza upasuaji. Je, utayamaliza yote mawili?

Jibu la 1: Pole sana. Mimi walinifungua tundu dogo nyuma ya sikio, wakautenga mshipa wa damu uliokuwa ukiigandamiza neva ya tano ya fuvu, ile inayopeleka hisia za uso kwenye ubongo, kisha wakaweka kipande cha tefloni, kitu laini cha kuvitenganisha, katikati. Shoti zilikoma nilipozinduka, lakini kipandauso, ambacho chanzo chake ni kingine, kiko palepale.

Jibu la 2: Uliza kama picha ya MRI inaonyesha mshipa unaoigandamiza neva, kwa kuwa pasipo mgandamizo huo matumaini ya nafuu ya kudumu hupungua. Uliza pia kuhusu kusikia. Mimi nilibaki na sikio moja zito na ganzi shavuni, ingawa, kusema kweli, ningeichagua ganzi kuliko ile shoti. Kabamazepini usiiache ghafla, hata ukipona.

Muulizaji: Nashukuruni. Picha nitaipiga kwanza.