Je, alama ya juu ya programu inatosha kutangaza kirusi kipya cha mihogo?

Msomi wa Mikindani:
Ndugu zangu, nina data za RNA (molekuli zinazobeba maelezo ya kijenetiki) zilizosomwa kutoka majani ya mihogo ya Newala na Masasi. Natafuta virusi vyote vilivyomo, kwani PCR, kipimo cha maabara kinachonakili kipande cha jeni kilicholengwa, hupata kile tu kilichotengenezewa kipimo. Nimezipitisha katika DeepVirFinder, programu ya kompyuta ya kujifunza kwa kina (hujifunza kutokana na mifano) inayotafuta mfuatano wa virusi, nayo imevipa vipande vingi alama inayokaribia 1, yaani inavidhania kuwa virusi, ingawa vingi havifanani na chochote kilichomo katika hifadhidata. Je, niviite virusi vipya?

Mchambuzi, Lindi:
Ndugu Msomi, usiviite hivyo bado. Programu hiyo, ambayo makala yake ilichapishwa mwaka 2020, haitafuti jeni inayofahamika, bali husoma mpangilio wa herufi A, C, G na T na kukadiria unaelekea kundi lipi kati ya mawili iliyofundishwa: virusi vinavyoshambulia bakteria na viumbe vya jamii hiyo, au jenomu (mfuatano mzima wa maelezo ya kijenetiki) za viumbe hao wenyewe. Mhogo haukuwamo. Kipande cha mhogo kisichofanana na bakteria kinaweza kusukumwa upande wa virusi kwa kuwa hakuna upande wa tatu. Kibaya zaidi ni kwamba virusi vya michirizi kahawia, ugonjwa wa mihogo, ambavyo ni vya RNA yenye herufi zipatazo 9,000, viko mbali sana na virusi vya bakteria, hivyo vinaweza kupewa alama ndogo na kukupita.

Mama Takwimu:
Naunga mkono, na naomba tupige hesabu. Tuseme una vipande 100,000, na 100 tu ndivyo vya virusi. Programu ikikosea asilimia 1 tu ya visivyo virusi, utapata vya uongo 999, hata kama imevinasa vya kweli vyote. Kwa hiyo ondoa kwanza mfuatano wa mhogo, kwa kuwa jenomu yake inapatikana bure, kisha unganisha mabaki yawe vipande virefu, uvitafsiri kuwa protini na kutafuta kimeng'enya kinachonakili RNA, ambacho virusi vingi vya RNA vinacho. Ukikipata, rudi kwenye sampuli uthibitishe kwa PCR. Ukitaka kufundisha modeli yako, tumia virusi vya mimea dhidi ya jenomu za mimea, na usiruhusu virusi vya ukoo mmoja viingie katika mafunzo na katika jaribio pia, maana modeli itaonekana hodari kwa kukariri tu.

Bwana Shamba, Tandahimba:
Kaka, ng'oa na mizizi. Kuna mihogo yenye majani ya kupendeza, lakini ukikata kiazi unakuta mabaka ya kahawia, makavu na magumu. Andika hali ya mzizi wa kila shina ulilochuma jani, na uchume majani ya chini yaliyokomaa, kwa sababu dalili za michirizi huonekana zaidi huko.

Msomi wa Mikindani:
Nawashukuru sana. Je, mfuatano wa nzi weupe niuondoe pia?

Mama Takwimu:
Uondoe, lakini uhifadhi faili lake. Hao ndio wanaoeneza batobato, ugonjwa mwingine wa mihogo, na michirizi kahawia, na nao wana virusi vyao wenyewe.