Naomba ushauri: mashua inavuja karibu na mkuku

Asalaam alaykum ndugu zangu, hasa mafundi na manahodha.

Nina mashua ya kuvulia, ipo Nungwi. Inavuja kwenye ubao wa kwanza juu ya mkuku (gogo la chini kabisa linalobeba mashua), nyuma ya mlingoti. Tuliipandisha bamvua (maji makubwa) lililopita, tukatoa kalafati (pamba ya kuziba nafasi za mbao) yote kuukuu, tukatia pamba mpya kwa mafuta ya nazi. Kuishusha tu, maji yale yale. Usiku kucha mabaharia wanafua maji kuyatoa nje. Mbao nyingine zimevimba zikabana kama kawaida, huu hapana. Nikiuchoma kwa ncha ya kisu karibu na misumari, kinazama kama kwenye muhogo uliochemka, na kutu imeacha weusi mpaka kwenye taruma (mbavu za mashua).

Fundi wangu (mzee, namuamini) anasema ubao utoke, uwekwe mpya wa mvule. Mwanawe anataka tupake faibaglasi juu kwa juu, tumalize. Mimi nasita, ubao wenyewe umelowa chepechepe.

Aliyewahi kupaka faibaglasi juu ya ubao wa zamani, ilishika au ilibanduka? Na mvule ukikosekana, mwembe unafaa sehemu inayokaa majini muda wote? Nataka niamue kabla ya bamvua lijalo. Ahsanteni.